Namba 38 na Namba 41

Jumatatu, 9 Juni 2025
Orodha mpya ya ndondi ya dunia imetoka mtandaoni. Wanawake wa ridhaa, chipukizi, kilo 54. Nimo! Rukiyah, namba 41. Nikapanda juu kuona walionizidi — Mkazakhi, Mkolombia, na namba 38: Akumu wa Busia.
Huyo pia ni mimi.
Kosa la kocha Omoding. Upande wa Uganda alinisajili kwa jina alilonipa baba. Upande wa Kenya akanisajili kwa jina alilonipa mama, la bibi yangu, nipate mapambano zaidi. Hapa mpakani kila mtu anavuka. Nani alijua kuna watu wanahesabu huko? Halafu Akumu kanizidi ngazi tatu. Nimeona wivu, wallahi. Ujinga mtupu.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Waandaaji wa mashindano ya mpakani wamepanga mapambano kwa kufuata orodha hiyo. Jumamosi, Tororo: Rukiyah na Akumu! Mshindi anakwenda kambi ya mazoezi ng'ambo, miezi mitatu. Nimemwambia kocha tukaseme ukweli. Eti tukisema tunafungiwa wote, yeye na mimi, majina yote mawili. Kisha akatoa dawa yake.
"Shamirah anaingia kama Akumu. Raundi ya pili anaanguka. Nani atajua?"
Shamirah anatwanga mawe ya dhahabu kule Tiira asubuhi, jioni ananitwanga mimi mazoezini. Hana kitambulisho, ndiyo maana hajasajiliwa popote. Mimi nikakubali. Najua maana yake.

Ijumaa, 13 Juni
Leo nimemwomba Shamirah asiniumize sana. Nilisema kwa mzaha. Hakucheka, alikuwa anakunja bendeji zake.
"Dada, wewe uko na majina mawili," akasema. "Mimi nimepewa moja, ya siku moja. Sianguki."
Kocha sijamwambia. Naogopa ngumi za Shamirah? Ndiyo. Lakini naogopa zaidi kwamba ana haki.

Jumamosi, 14 Juni. Tororo, ukumbini
Naandika na bendeji mikononi, herufi zinatambaa. Pambano letu ndilo linalofuata. Kadi zimekaguliwa — picha yangu ya Akumu ni ya zamani, kofia imefunika nusu ya uso. Wamepitisha. Kocha ananikonyeza. Hajui kitu, maskini.
Mama amekuja! Sikumwambia. Aliona bango, jina la marehemu mama yake limeandikwa kubwa, akapanda boda kutoka Nagongera.
Wameita Akumu. Mama akasimama, akapiga vigelegele — halafu akamwona Shamirah akipanda ulingoni. Vigelegele vikakatika. Sasa anageukageuka, ananitafuta.
Meza ya waamuzi iko hatua kumi kutoka hapa. Ulingo nao hatua kumi. Nikaseme, au nikapigane?
Shamirah ananitazama. Amenyooka, hana wasiwasi hata kidogo.
Wanaita Rukiyah. Mara ya pili sasa.