Kilo Nne Nilizojirudishia

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Ghala,
Alhamisi, tarehe 12 Machi.

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Marahaba yako naipokea kwa mbali, hata kama umeitoa huku umenuna. Macho yako yanaendeleaje? Na lile sikio? Shemeji kifua chake kimetulia, au bado anakohoa na kusema ni vumbi? Sisi huku wazima, ukiyatoa magoti yangu, na hayo siku hizi nayahesabu kama watu wengine tunaoishi nao.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku tatu. Bintiyo, huyu niliyemzaa mimi, alitaka kuniandikia, nikakataa. Mwandiko wake mzuri, lakini ananipunguzia maneno. Mimi shule niliishia darasa la nne, ila unajua kwa namba sijawahi kushindwa na mtu. Kwenye simu wewe husikii na mimi sisikilizi, kwa hiyo karatasi itatupatanisha.

Dada, maumivu haya yana mwaka wa kumi na moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimempa, panga nimempa, vidonge vya kila rangi nimempa, amekaa tu. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda nahesabu mpaka thelathini ndipo nasimama. Zile ngazi tatu za mlangoni nazishuka kinyumenyume, kama mtu anayeaga mfalme. Soksi sijavaa mwenyewe tangu mjukuu wangu wa kwanza azaliwe, na sasa anasoma. Wifi yako ndiye anayenivalisha, na akiinama hasemi neno. Hapo ndipo panaponiuma kuliko goti.

Juzi karakanani niliangusha skrubu ndogo ya mizani. Nikabaki naitazama pale sakafuni nusu saa. Mimi, niliyekuwa napandisha mawe ya kupimia, kilo ishirini kila mkono, mpaka ghorofa ya nne huku naimba.

Daktari wa mifupa aliniambia magoti yamelika, mfupa unasaga mfupa, lakini hawezi kuniwekea mapya nikiwa na kilo mia moja arobaini na moja. Akasema nitembee nipungue. Nikamwambia, daktari, ningeweza kutembea ningekuja kwako kufanya nini? Akacheka, akanipeleka kwa daktari wa upasuaji wa tumbo. Huyo ndiye atakayeukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba kama ndizi, nishibe kwa kidogo, uzito ushuke, ndipo magoti yapate zamu yao. Wanaingilia kwenye vitundu vidogo. Hawanipasui kama gunia, kama ulivyofikiri.

Ulisema kwenye simu kwamba Mungu hakukosea kipimo alipotupa matumbo, kisha ukakata. Dada, kwa heshima zote, tumbo alilonipa Mungu lilikuwa dogo. Wewe ulilibeba mgongoni, unalikumbuka. Hili la sasa nimelifuga mwenyewe, kwa mikono hii miwili na kijiko.

Kabla ya kisu lazima nishuke chini ya kilo mia moja thelathini. Ini langu limenona, limeulalia mfuko wa chakula, na lisiponyauka daktari hapati njia. Basi nimerudishwa darasani na miaka yangu sitini na sita. Mtaalamu wa lishe, binti mwembamba kama ufagio, anatufundisha kutafuna. Kila tonge mara ishirini na tano. Usinywe maji huku unakula. Tumia kijiko cha chai. Tuko saba, na sijisifu, lakini kwa kutafuna hakuna anayenifikia. Wifi yako anasema yeye humaliza kula, akaosha vyombo, akasali, akirudi ananikuta kwenye tonge la tatu.

Sasa nikupe habari yenyewe. Najua bintiyo ameshakupa ya kwake, na kwenye ya kwake mimi ni mwendawazimu.

Mwezi jana tulipimwa uzito wa mwisho. Mbele yangu alikuwa jamaa mmoja tunayemwita Dereva. Ameendesha malori mpaka mgongo umekwisha, na ndiye rafiki yangu pale darasani. Akapanda mizani, akashuka anacheka, amepita. Nikapanda mimi. Mia moja ishirini na nane. Nesi akaandika kwenye faili, akanipa tarehe ya upasuaji, wiki inayofuata. Wifi yako akashika mdomo.

Dada, nimetengeneza mizani miaka thelathini na nane. Nilijua palepale. Ile namba ilipanda ikasimama ghafla kama imegota. Mizani ya kweli hutikisika kidogo mtu mzito akipanda, inafikiri kabla ya kujibu. Tena mkanda wangu ulikuwa kwenye tundu lilelile la wiki iliyopita. Nikatazama chini. Mtu amefagia, akairudisha mizani pembeni, na bamba lake limeegemea mguu wa kabati. Ukipanda, kabati linakusaidia kujibeba.

Nikanyamaza. Hili hapa nyumbani hawalijui, nakwambia wewe. Nilinyamaza pumzi tatu nzima. Nilijiona nashuka zile ngazi uso mbele. Nikasema moyoni, kilo nne ni nini?

Kisha nikakumbuka daktari wa usingizi alivyotueleza, kwamba dawa ya kumlaza mtu inapimwa kwa uzito wake. Na ini halisomi faili. Tena, nisijifanye mtakatifu, nilikumbuka jina langu. Miaka yote hiyo sijaitia muhuri mizani inayosema uongo. Leo nilale juu ya uongo wake nikatwe?

“Mwanangu, futa,” nikamwambia nesi.

“Nifute nini, mzee?”

“Hiyo namba. Mizani yako imeegemea kabati.”

“Mzee, umepita. Nenda nyumbani kapumzike.”

Nikaivuta kwa fimbo yangu mpaka katikati ya chumba, nikapanda tena. Mia moja thelathini na mbili. Nesi akanitazama kama mtu niliyemvunjia sahani za wageni. Halafu, kwa kuwa ni binti mwaminifu, akatoka mbio kumwita Dereva aliyekuwa ameshafika getini. Naye akapanda upya. Naye akakosa, kwa kilo mbili. Hilo sikuwa nimelifikiria, Dada. Nilidhani nautupa mzigo wangu peke yangu.

“Mzee, ungekaa kimya ungekufa?” akaniuliza.

“Huenda. Na wewe pia.”

Tarehe zetu zikasogezwa wiki sita mbele.

Tulipofika nyumbani wifi yako akanivua viatu, akanivua soksi, akaniuliza jambo moja tu, kama nina hakika na kilo zile nne. Nikasema nina hakika kama ninavyojua jina lake. Asubuhi yake supu yangu ikaja kwenye kikombe kidogo kuliko cha jana, na mkate haukuja kabisa. Bintiyo yeye alininunia siku mbili. Alisema baba amejinyang'anya dawa mkononi. Amerithi mdomo wako, si wangu.

Siku ya tatu mlango ukagongwa, ni Dereva. Akasema amekuja kunikasirikia vizuri, lakini mgongo wake hauwezi kukasirika umesimama, nimpe kiti. Nikampa. Akanikasirikia mpaka akamaliza, na mengine aliyosema siwezi kuyaandika kwa mtu ninayemwamkia shikamoo. Kisha akauliza tunafanyaje.

Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi karakanani. Tunakaa vitini tunanyanyua mawe ya mizani, kilo mbili kila mkono, mara mia moja. Tunasimama na kukaa, kusimama na kukaa, tunaguna kama milango mibovu. Halafu tunatembea mpaka kwa kinyozi na kurudi, hatua mia nne na ishirini, nimezihesabu. Siku ya kwanza nilisimama njiani mara sita, na mara ya sita machozi yalinitoka, nikamwambia ni jua. Sasa nasimama mara moja tu, na hapo ni Dereva anayetaka kupumzika. Maumivu hayajapungua, nisikudanganye. Ila nimeona kwamba nikikaa yananiuma, nikienda yananiuma, basi bora yanikute njiani.

Jumatatu hii tumepimwa tena. Safari hii nesi mwenyewe alikuwa ameiweka mizani katikati ya chumba, mbali na kila kitu. Mimi kuinama siwezi, nikamwinamisha Dereva aikague pande zote nne. Nikapanda. Namba ikatikisika, ikafikiri, ikatulia. Mia moja ishirini na saba. Dereva amenishinda kwa nusu kilo, lakini yeye ni mfupi.

Kwa hiyo Jumanne ya tarehe 24, saa mbili asubuhi, naingia. Nitaingia kwa miguu yangu, kiti cha magurudumu nimeshakikataa. Daktari ameniambia yote yanayoweza kwenda vibaya, moja baada ya jingine, nikamsikiliza mpaka mwisho. Siogopi. Basi, naogopa kidogo, lakini naogopa zaidi mwaka wa kumi na mbili ufike nikiwa nimekaa palepale ukingoni mwa kitanda, nahesabu.

Ruhusa sikuombi, Dada. Nikianza kuomba ruhusa leo utasema ugonjwa umepanda kichwani. Naomba radhi. Mama alipofumba macho aliniacha mikononi mwako nikiwa na miaka minane, na radhi yake aliiacha kwako, sina pengine pa kuichukua. Kama bado umenuna, nuna. Lakini asubuhi hiyo, saa mbili, niombee ukiwa umenuna hivyohivyo.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kusingizia vumbi. Msalimie mpwa wangu fundi umeme na mkewe, na kitinda mimba wako na wale pacha wake wakorofi. Wifi yako anakuamkia, bintiyo naye, ingawa bado anasema alikuwa na haki. Mungu akulinde, akupe macho ya kuusoma mwandiko huu na moyo wa kuusamehe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kwa kilo zangu zote mia moja ishirini na saba, za halali,

Fundi Mizani.