Picha ya Ubongo wa Mohdhar

Mombasa, 3 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Goti je, limepoa? Mimi mzima, kazi dukani inaendelea, na sindano ya mwezi nimedungwa.

Nilikwenda kwa wale watafiti niliokuambia. Wanapiga picha za ubongo wa watu wenye skizofrenia kama mimi, na wa wasio nayo. Nililala ndani ya mashine inayogonga kama fundi bati. Daktari anasema sina uvimbe wala jeraha.

Mwanao,
Mohdhar

Kipini, 9 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Goti laniuma nikisujudu tu. Alhamdulillahi kwa habari hiyo! Jana nilikwenda Garsen, nikamwambia Mzee Halake picha imetoka safi, umepona. Alikuwa akisitasita kukupa binti yake. Sasa amekubali umwoe Fardosa mwezi wa nane. Sindano hizo ziache, zisije zikakudhuru bure.

Mamako,
Zamzam

Mombasa, 11 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Goti ulikande kwa maji moto, kisha unisikilize. Umemwozesha Fardosa kwa picha, si kwangu.

Picha haikusema nimepona. Wanachotafuta wale ni jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Wakilinganisha watu wengi, huona kwa wagonjwa mawasiliano ni hafifu mahali fulani, na mahali pengine yamezidi. Lakini huo ni wastani wa kundi. Nilipouliza yangu yakoje, daktari akasema picha ya mtu mmoja haiwezi kuonyesha kama anaumwa au la.

Mimi najua nikiacha sindano sauti zitarudi, kwa hiyo siachi. Nampenda Fardosa na naogopa kumkosa, ila sitamwoa kwa uongo. Tafadhali rudi kwa Mzee Halake ukaseme kweli.

Mohdhar

Kipini, 2 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usione kimya, nilikuwa nimekasirika. Nilijisemea, huyu ameletewa heri mlangoni, anaifukuza. Lakini moyo haukutulia. Jana nimekwenda Garsen, nikasema yote, hata sindano.

Mzee Halake hakukubali, hakukataa. Fardosa akaniuliza mbele ya babake, "Mama, maradhi yakianza, nitajuaje?"

Nikamwambia sijui. Mimi huona tu umeacha kulala, basi. Akasema anataka kuyasikia kwa kinywa chako, na babake atakuwepo.

Njoo Ijumaa. Naogopa atakalosema Halake. Lakini nataka na mimi nikae pale nisikilize, maana miaka yote hii sijawahi kukuuliza.

Mamako,
Zamzam