Hewa Ukiibonyeza Inahama

Dada yangu,

Huku tumeamka wazima, na shemeji yako bado anakoroma kama jenereta. Uliniuliza kwa nini dawa ya meno niliyokutumia ilikutemea usoni. Ilikuwa na hewa. Siku hizi pale kiwandani mashine ya kujaza tyubu naisimamia mimi: mrija wake unazama mpaka mwisho wa tyubu, kisha unapanda polepole kadiri dawa inavyojaa. Ukipanda kwa pupa, unafungia hewa ndani. Halafu nabonyeza kila tyubu kwa kidole gumba, maana hewa ukiibonyeza inahama. Msimamizi ananiita Daktari, anasema vidole vyangu havijawahi kukosea.

Wiki iliyopita nikiwa naoga, vidole hivyo vilikuta kitu kama punje ya mahindi kwenye titi la kushoto. Nimekibonyeza kila upande. Hakihami.

Jumatatu naenda kupimwa. Shemeji yako sijamwambia, atajifanya jasiri na kunichosha. Mama naye usimwambie. Njoo wewe, na hiyo tyubu mbovu uje nayo nikubadilishie.

Safari hii naomba vidole vikosee.

Mdogo wako,
Daktari wa tyubu