Ukuta Niliomwachia Ankol Mutua

Mwaitu, mama yangu,

Nyumba yako tumeiosha. Umebaki ukuta mmoja, na huo nimeuacha makusudi.

Polisi walisema moshi uliokuua ulitoka kwa jiko. Jiko gani? Lako lilikuwa nje, limepoa. Jirani yetu Mama Syombua aliniambia alimwona Ankol Mutua akirundika mabua chini ya dirisha lako na kuyawasha, lakini mbele ya polisi akasema macho yake siku hizi ni mabaya. Ndugu yake marehemu baba, Mwaitu. Hata matanga hayajaisha alikuwa anauliza shamba litalimwa na nani, maana mimi ni msichana.

Basi nikaita mwethya. Nilijua atakuja. Majirani wote wakijitolea kuosha nyumba ya shemeji yake marehemu, naye akose, atajieleza vipi? Alikuja amevaa kofia yake ya kanisani.

Unakumbuka ukinifundisha kuosha dari ya jikoni? "Masizi hupanguswa makavu kwanza. Ukitangulia na maji, unayapaka." Wengine wote niliwapa brashi kavu. Yeye nikampa ndoo ya maji na kitambaa, nikamwonyesha ukuta ulio kando ya kitanda chako.

Alisugua, ukuta ukazidi kuwa mweusi. Maji machafu yakamshuka mpaka viwikoni. Nilifurahi, Mwaitu. Nilifurahi hata nikauogopa moyo wangu.

"Si tupake tu rangi?" akaniuliza.

"Rangi haiwezi shika hapo, Ankol. Endelea tu."

Unajua desturi ya mwethya: anayebaki nyuma husaidiwa na waliomaliza. Siku hiyo walimaliza mmoja mmoja, wakanawa mikono, wakaja kusimama mlangoni wakimtazama. Mama Syombua alikuwa mbele yao. Hakuna aliyeinama kumsaidia. Muthokoi niliyowapikia ikapoa sufuriani. Mwishowe alitupa kitambaa ndooni akaenda zake bila kula.

Lala, Mwaitu. Usiniombe nimsamehe kwa niaba yako, siwezi. Shamba nitalilima mimi. Na Jumamosi nitaita watu tena, yeye nikimwita wa kwanza, kwa jina lake, na Jumamosi itakayofuata vilevile, mpaka siku atakapogeuka awaambie wote walio mlangoni ni nani aliyewasha.

Binti yako,
Mwikali