Lenzi za Demetria

Praha, 2 Machi 1974

Dada Yustina,
Shikamoo. Pacha hawajambo? Mie mzima, masomo ya ufumaji yanakwenda. Dada, miwani nimeifungia sandukuni! Nimepata lenzi, vijikombe viwili laini kama utando wa yai, navibandika juu ya jicho lenyewe. Naona hadi saa ya kanisa ng'ambo ya mto! Kimoja kikidondoka nakilamba, nakirudishia. Hata kulala nalala navyo. Leodegar kanichumbia kwa barua, hajapata kuniona na miwani, kule Keko nilikuwa naivua njiani. Agosti tukifunga ndoa hataiona pia!

Mdogo wako,
Demetria

Temeke, 19 Machi 1974

Mdogo wangu,
Marahaba. Sie wazima, ila pacha wanaota meno, sijui usingizi ni nini. Nimefurahi unaona! Lakini mate, Demetria? Kijiko cha pacha kikidondoka nakichemsha, sembuse kitu cha kuingia jichoni! Vitoe leo hii, nenda kwa daktari. Halafu bi harusi wa kwetu anakaa kainamisha uso mpaka keki inakatwa. Hayo macho nani atayaona?

Dada yako,
Yustina

Temeke, 27 Aprili 1974

Mdogo wangu,
Habari za siku nyingi? Kama umenuna, nuna, lakini niandikie. Hata mstari mmoja.

Dada yako

Praha, 9 Mei 1974

Dada,
Shikamoo. Nisamehe, sikuweza kuandika. Siku moja niliamka jicho la kulia jekundu, mwanga unawasha kama pilipili. Daktari anasema konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Hewa yake inaipata nje. Mie nikaifunika usiku na mchana. Ikavimba, ikachubuka, vijidudu vya mate vikaingia, kikawa kidonda. Lakini limepona, Dada! Limebaki kovu dogo pembeni, naona. Wenzangu wanaozisafisha kwa dawa na kuzivua wakilala hawana neno. Mie nimekatazwa kabisa. Nimerudia miwani, mizito kama kitako cha chupa. Tafadhali, Leodegar asijue. Atavunja uchumba.

Mdogo wako

Temeke, 28 Mei 1974

Mdogo wangu mpenzi,
Nimelia, nimecheka, nimemshukuru Mungu. Halafu nimemwambia Leodegar. Nuna utakavyo, mie simfichi mtu kitu mpaka madhabahuni. Alikuja na mshenga wake, nikamweleza yote hata chai sijamimina. Akaruka kitini: "Shemeji! Ndiyo maana alikuwa ananipita pale Keko bila salamu! Miaka miwili namwogopa, nikajua ana maringo!" Mshenga kacheka mpaka pacha wakaamka.

Nami nikawaza: kumbe mchumba wako hujamwona sawasawa hata siku moja! Basi shuka kwenye ndege na miwani yako, umtazame vizuri, kuanzia meno mpaka viatu. Ukimkataa, mkatae unamwona.

Dada yako,
Yustina