Maoni Kuhusu Njia ya Mferejini

Kanawase, 8 Septemba 2018

Mwanangu Michiho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwenzio Kengo. Huku sijambo, ila magoti yananung'unika kila yakisikia mvua. Mama yako hajambo huko kwenye makao ya wazee. Anakusalimu sana na anasema usiache kula mboga.

Juzi jalada la matangazo ya mtaa lilinifikia. Kama kawaida, unasoma, unapiga muhuri wako, unampelekea jirani. Safari hii, katikati ya ratiba ya takataka na tangazo la kupima macho, mlikuwa na karatasi ya manispaa. Mwakani wana fedha za kazi moja tu ya baiskeli: ama waitengeneze njia ya kando ya mfereji, ama wajenge maegesho ya baiskeli pale stesheni. Wanataka maoni ya wananchi kwa maandishi, yenye jina na anwani, kabla ya tarehe 28.

Miaka arobaini na moja nimeziba pancha za mji huu na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Sasa wameuliza, nami nitajibu. Unajua tangu nirudishe leseni ya gari kwa sababu ya umri, njia ile ndiyo inayonifikisha kwa mama yako kila siku. Lami imepasuka, mizizi ya miti ya micheri imeinua kila kitu. Zamani wasichana wa kiwanda cha nyuzi walipita pale asubuhi kwa mamia, kengele zinalia mtaa mzima, na mimi nimesimama mlangoni mwa duka najifanya nafagia. Mama yako alikuwa mmoja wao. Baiskeli yake ilikuwa mbovu kuliko zote, ndiyo maana tukafahamiana.

Nimeshaandika rasimu nne na zote nimezichana. Kalamu si spana. Jalada nimeliweka juu ya friji ili niisome ile karatasi polepole, nisije nikakosea.

Baba yako,
Toyoji

Nagoya, 15 Septemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Kengo anakusalimu. Nimefurahi kuisoma barua yako, kisha nikapiga simu kwenye makao kuuliza kama mama ana blanketi za kutosha, na furaha ikaniisha. Yule dada anayemhudumia ameniambia mwezi uliopita ulifika pale kidevu kinavuja damu na usukani wa baiskeli umepinda. Wewe umeniandikia habari za magoti tu.

Baba, una miaka sabini na sita. Basi la manispaa linapita mlangoni kwako Jumanne na Ijumaa na kushusha watu getini kwa mama. Kwani mara mbili kwa wiki hazitoshi? Mwenyewe unasema hajambo.

Najua ni kama nakuomba ukate mkono. Mimi nimekulia kwenye lile duka. Hadi leo nikisikia harufu ya gundi ya mpira, nakuona umechuchumaa mbele ya beseni, unazungusha mpira majini taratibu, na mimi nimepewa kazi ya kupiga kelele nikiona mapovu. Sijawahi tena kupata kazi niliyoipenda vile.

Lakini naomba uniahidi jambo moja. Manispaa wakiamua kuitengeneza njia, endesha mpaka ufike miaka mia, sitasema neno. Wakiamua vingine, baiskeli unaiacha na unapanda basi. Naogopa, baba. Sitaki kupigiwa simu kwamba umeokotwa mferejini.

Mwanao,
Michiho

Kanawase, 2 Oktoba 2018

Mwanangu Michiho,

Pole na kazi. Afya yangu nzuri na kidevu kimepona, kwa hiyo wasimulizi wa habari zangu wapumzike. Mama yako anakusalimu, anasema umezidi kuwa mkali kama yeye.

Nimekubali. Ahadi ni ahadi. Maoni yangu niliyapeleka mwenyewe manispaa tarehe 27, rasimu ya tisa. Kijana wa dirishani aliyapokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama yapo mengine kutoka mtaani kwetu. Nikamwambia yako njiani.

Sasa nisikilize niliyoyafanya, na ukicheka ucheke huko huko. Niliporudi nyumbani nikainua macho, jalada liko juu ya friji. Siku ishirini na moja! Kanuni ni siku moja, mbili ukiwa mgonjwa. Baada yangu kuna nyumba kumi na moja, na hakuna hata moja iliyoiona ile karatasi. Nilikuwa nimekaa nalo naandika jinsi watu wa mtaa huu wanavyoihitaji njia, na watu wenyewe nimewafungia habari.

Kesho yake nilivaa koti, nikanunua maboksi kumi na moja ya vikeki vya maharage matamu, nikapita nyumba kwa nyumba kuinamisha kichwa. Muda wa maoni ulikuwa unafungwa jioni hiyo hiyo. Wengi walisema si kitu, kwa ile sauti ya mtu ambaye kwake ni kitu. Bi Nezu wa hapo jirani, ambaye wajukuu zake wanapita mferejini kwenda shule, hakuzungusha maneno.

"Bwana Kusakabe," aliniambia, "huenda nisingeandika chochote. Lakini umeninyima hata nafasi ya kuwa mvivu."

Nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu niliporudisha baiskeli ya mkuu wa shule bila breki. Boksi lake alilipokea hata hivyo.

Baba yako,
Toyoji

Kanawase, 26 Novemba 2018

Mwanangu Michiho,

Habari za baridi huko? Huku asubuhi beseni la nje linaganda. Mimi mzima. Mama yako anakusalimu.

Manispaa wametoa matokeo. Maoni yaliyopokelewa kutoka mji mzima: moja. Fedha zinakwenda stesheni.

Baiskeli nimeitundika ukutani, nimetoa upepo kwenye magurudumu ili yasipasuke. Basi lina joto zuri. Dereva ni mtu wa adabu.

Baba yako,
Toyoji

Nagoya, 9 Desemba 2018

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, ikaninyima raha. Jana nikaingia kwenye tovuti ya manispaa kuona walichoamua. Majina hawaweki, ila maoni wanayachapisha kama yalivyo. Nanakili hapa ili ujue nimeyasoma yote:

"Maoni namba 1. Mimi ni fundi baiskeli mstaafu. Mke wangu yuko kwenye makao ng'ambo ya mfereji. Tangu Aprili hanitambui. Ananidhania ni fundi aliyemwachia baiskeli yake aitengeneze, na kila siku saa tisa alasiri ananiuliza kama iko tayari. Huwa namjibu kesho. Mtu aliyesema kesho hana budi aonekane kesho yake. Basi lipo Jumanne na Ijumaa tu. Kwa hiyo naomba njia itengenezwe."

Chini yake manispaa wamejibu: "Tunashukuru kwa maoni yako. Yatazingatiwa siku za usoni."

Nimelia jikoni mpaka Kengo akaja kuzima jiko. Zile salamu zote za mama, mboga, ukali wangu, kumbe ulikuwa unazitunga wewe. Sijakasirika. Nimeona uchungu kwamba ulibeba jambo hili peke yako, nami nikakuongezea ahadi juu yake.

Ahadi ile naifuta. Jaza upepo, baba. Nakutumia kofia ngumu kwa posta, na mashimo yale uyapite ukiikokota baiskeli, nakusihi. Januari tunakuja sote wawili.

Mwanao,
Michiho

Kanawase, 14 Desemba 2018

Mwanangu Michiho,

Hatujambo sote. Nisamehe kwa zile salamu. Kila nilipofika mahali pa mama yako kwenye barua, mkono ulikataa kupaacha wazi.

Barua yako imefika jana, Alhamisi, siku ambayo basi halipo. Nilijaza upepo hapo hapo, nikatoka na kofia ya sufi kwa kuwa yako haijafika. Kwenye mizizi nilishuka nikakokota, kama ulivyoagiza. Mama yako alikuwa amekaa dirishani na koti amevaa, na dada anayemhudumia akasema hulivaa kila siku ikifika saa nane, basi liwepo au lisiwepo. Aliponiona alinikunjia uso.

"Fundi," alisema, "wewe mwongo kama mafundi wote. Wiki tatu sasa mtoto nampeleka shule kwa miguu kwa ajili yako. Michiho ana miguu midogo, anachoka."

Tangu Aprili sikuwa nimelisikia jina lako kinywani mwake. Niliinamisha kichwa, nikamwomba radhi, nikamwambia iko tayari kesho.

Naishia hapa, ni saa nane kasoro na upepo leo ni wa mbele.

Baba yako,
Toyoji