Loshoro ya Silantoi

Anneth, acha unachofanya usome hii.

Si unajua Jumapili ya chakula cha pamoja hapa kanisani Moshono, sahani ya mchungaji inapakuliwa kutoka kwenye sufuria langu la machalari, ndizi zangu za nyama. Miaka yote.

Leo imepakuliwa kwa Silantoi, yule aliyehamia juzi tu. Loshoro. Mahindi na maziwa mgando, basi.

Mchungaji kaonja, kafumba macho, kasema, "Mama huyu aongoze jikoni."

Aongoze jikoni. Na mimi nimesimama pale na mwiko wangu.

Nikajificha nyuma ya jiko niionje, nipate cha kuiponda. Nikamaliza bakuli zima. Kugeuka, Silantoi huyo hapo, ananiangalia.

"Dada, nikuongeze?"

Anneth, nikamnyooshea bakuli.